Hatua Moja Kulikaribia Jua

Ni wachache kati yetu ambao hawajayasikia maneno haya. Husemwa kwenye mikutano ya injili, kwenye makambi ya vijana na hata msibani, na siku hizi hutumwa kwa simu yakiwa na picha nzuri ya dunia. Yanasema hivi: Mungu aliiweka dunia mahali pake kwa kipimo kikali mno, hata ingesogea hatua moja tu kulikaribia jua, sote tungeungua, ingerudi nyuma hatua moja, sote tungeganda. Wengine husema mita moja, wengine inchi, wengine kilomita. Mhubiri hunyamaza kidogo, usharika huitikia "Amina", na mahubiri huendelea.

Tunasema wazi tangu mwanzo: maneno hayo si kweli. Hayakutiwa chumvi kidogo tu. Ni uongo kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mwaka unapopita dunia yenyewe huyakanusha. Kwa sababu hiyo hayafai kusemwa mimbarini, hata yakisemwa kwa nia njema, hata yakimliza mwenye dhambi mmoja akatubu. Kwamba Mungu ndiye aliyeiumba dunia na kuiweka ilipo, hilo tunalikiri kila Jumapili na hatulipingi hapa. Tunachopinga ni kumtetea Mungu kwa ushahidi wa uongo, hali ushahidi wa kweli upo, tena ni mkubwa kuliko huo.

TUIPIME HATUA HIYO

Tuanze na mlima wetu wenyewe. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mtu aliyesimama kileleni yuko karibu na jua kuliko mvuvi wa Tanga kwa kilomita zinazokaribia sita. Hizo ni hatua maelfu. Kama hatua moja ingetosha kutuunguza, mpanda mlima angekuwa majivu kabla hajafika Horombo. Kumbe juu kuna barafu, naye amevaa makoti mawili, na mvuvi wa Tanga ndiye anayetafuta kivuli.

Tuendelee. Sisi tunaoishi karibu na ikweta hubebwa na mzunguko wa dunia kila siku. Adhuhuri tuko upande unaolielekea jua. Usiku wa manane tumegeuzwa upande wa pili, na tumekwenda mbali na jua kwa zaidi ya kilomita 11,000. Kila siku iendayo kwa Mungu tunasogea na kurudi kwa kadiri hiyo, na hakuna aliyeungua wala kuganda kwa ajili yake.

Lakini hayo yote ni madogo. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili. Ni duaradufu, yaani duara lililobonyezwa kidogo, na jua haliko katikati yake kabisa bali upande mmoja. Kwa hiyo umbali wetu na jua hubadilika mwaka mzima. Mwanzoni mwa Januari tunakuwa karibu kuliko wakati wowote, kama kilomita milioni 147. Mwanzoni mwa Julai tunakuwa mbali kuliko wakati wowote, kama kilomita milioni 152. Tofauti ni kilomita milioni 5. Mhubiri anatuambia kwamba hatua moja ingetuangamiza, na dunia iliyombeba yeye na mimbari yake husogea mabilioni ya hatua kati ya Mwaka Mpya na Sabasaba, kisha hurudi.

Mtu wa Makete au Njombe anaweza kudakia hapo: "Lakini ndiyo maana Julai kwetu kuna baridi kali!" Jibu ni kwamba Julai hiyohiyo watu wa Ulaya wako katikati ya majira yao ya joto, nao wako kwenye dunia hiihii, umbali uleule na jua. Kinacholeta majira ni mhimili wa dunia, ambao umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi. Julai upande wa kaskazini umeliinamia jua na upande wa kusini umeinamishwa mbali nalo. Umbali nao hauko bure kabisa, maana Januari dunia hupata mwanga wa jua zaidi kuliko Julai kwa asilimia 7 hivi. Basi hata hizo kilomita milioni 5 nzima hazituletei moto wala barafu. Zinaleta asilimia 7 ambayo mwinamo wa mhimili huifunika.

UMBALI HUFANYA KAZI GANI

Ikiwa umbali na jua haufanyi kile tunachoambiwa, hufanya nini? Tunashangaa kwamba jibu lake halihubiriwi, maana ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote ambayo mwanadamu amepewa kuyajua, na aliyelipata alikuwa Mkristo wa madhehebu yetu.

Johannes Kepler alizaliwa mwaka 1571 Weil der Stadt, Ujerumani. Alisoma Tübingen akiwa na nia ya kuwa mchungaji wa Kilutheri. Kabla hajamaliza alitumwa Graz, mwaka 1594, kufundisha hesabu. Mwaka 1596 alitoa kitabu akidai kwamba amegundua siri ya Mungu katika umbali wa sayari. Kwa wazo lake, maumbo matano ya jiometri yamepangwa moja ndani ya jingine, na nafasi kati yake ndizo nafasi za sayari. Lilikuwa wazo la kupendeza, na lilimtukuza Mungu. Wazo hilo halikuwa kweli.

Tuangalie alivyofanya baadaye. Alikwenda Prague kufanya kazi na Tycho Brahe, ambaye alikuwa ameziangalia sayari kwa miaka mingi kwa macho matupu, kwa usahihi ambao hakuna mtu kabla yake aliyeufikia. Tycho alipofariki mwaka 1601, Kepler aliachiwa vipimo vya Mirihi. Alihangaika navyo miaka kadhaa, akidhani kama watu wote wa zamani kwamba mbingu lazima ziende kwa duara. Akapata duara lililokaribia sana vipimo vya Tycho. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo sana: robo hivi ya upana wa mwezi mpevu kama tunavyouona kwa macho. Mtu mwingine angesema, "Inatosha, Mungu atukuzwe," akafunga daftari. Kepler hakufanya hivyo. Aliona kwamba Mungu alikuwa amewapa mwangalizi makini kama Tycho, na kwamba kuidharau tofauti ile ingekuwa kukosa shukrani kwa zawadi hiyo. Akalitupa duara, kazi ya miaka, akaanza upya. Mwaka 1609 alichapisha alichokipata: sayari huenda kwa duaradufu, na sayari ileile inapolikaribia jua huongeza mwendo, inapokwenda mbali hupunguza.

Lile wazo la maumbo matano aliendelea kulipenda hadi uzeeni. Lakini hakuliruhusu libadilishe vipimo hata kimoja. Hapo ndipo tunapotaka wahubiri wetu watazame. Mtu anaweza kulipenda wazo linalomtukuza Mungu na bado akakataa kusema uongo kwa ajili yake.

Mwaka 1618, akiwa amefiwa na watoto na mama yake akiwa ameshitakiwa kwa uchawi, alipata kanuni ya tatu, akaichapisha mwaka uliofuata. Kanuni hii ndiyo inayofunga umbali na mwendo wa sayari zote pamoja. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya kwa penseli. Tuuite umbali wa dunia na jua "moja", na mwaka wa dunia "moja". Sasa chukua sayari iliyo mbali mara nne. Zidisha 4 × 4 × 4, unapata 64. Kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 64, ni 8. Basi mwaka wa sayari hiyo utakuwa miaka 8 ya kwetu. Sayari iliyo mbali mara tisa: 9 × 9 × 9 ni 729, na 27 × 27 ni 729. Mwaka wake ni miaka 27.

Sasa tazama zile zilizopo kweli. Mshtarii uko mbali mara 5.2 kuliko dunia. Zidisha 5.2 mara tatu kwa njia hiyo, unapata kama 140.6. Mwaka wa Mshtarii ni miaka 11.86, uzidishe kwa wenyewe, unapata kama 140.7. Zohali iko mbali mara 9.54, na mwaka wake ni miaka 29.46, fanya hesabu ileile, namba zote mbili zinakaribia 868. Mirihi nayo hutii, na Zuhura, na Zebaki. Kepler hakuijua Neptuni. Ilionekana mara ya kwanza mwaka 1846, baada ya hesabu kuonyesha mahali pa kuitafuta, na ilipopatikana nayo ikatii kanuni ileile. Mwaka wake ni kama miaka 165, hivyo mzunguko wake wa kwanza tangu ionwe ulikamilika mwaka 2011.

Tuseme jambo hilo kwa barabara tunayoijua. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Dunia, inayokwenda karibu kilomita 30 kwa sekunde, ingeumaliza mwendo huo kabla ya sekunde ya saba. Zebaki, iliyo karibu na jua kuliko sote, ingeumaliza kwa sekunde 4. Neptuni, iliyo mbali kilomita bilioni 4.5, ingehitaji sekunde 35. Aliye karibu na jua huvutwa kwa nguvu nyingi, na asipokwenda kasi ataliangukia. Aliye mbali huvutwa kidogo, na mwendo wa pole unamtosha. Angepewa kasi ya Zebaki angetoroka asirudi. Newton ndiye aliyeeleza sababu, mwaka 1687: umbali ukiwa mara mbili, mvuto hupungua ukawa robo, ukiwa mara tatu, hupungua ukawa sehemu moja ya tisa.

Basi turudi kwenye hatua yetu. Tuseme Mungu angeisogeza njia nzima ya dunia hatua moja, mita moja, kulikaribia jua. Kingetokea nini? Mwaka wetu ungepungua kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna saa ya ukutani ambayo ingegundua. Angeisogeza kilomita moja, mwaka ungepungua kwa theluthi ya sekunde hivi. Angeisogeza kilomita milioni moja, mwaka ungekuwa mfupi kwa siku tatu na zaidi ya nusu, na hapo kweli wataalamu wa hali ya hewa wangekuwa na la kusema. Kanuni haikutengenezwa kama ukingo wa shimo, kwamba ukikosea unyayo umekufa. Imetengenezwa kwa namna ambayo kila umbali una mwendo wake unaoufaa.

Anayetaka kulihakikisha jambo hili nyumbani atumie kalenda. Kila mwaka, yapata tarehe 20 Machi, jua la adhuhuri huvuka ikweta likienda kaskazini, na yapata tarehe 22 au 23 Septemba hulivuka tena likirudi kusini. Hesabu siku za kutoka Machi hadi Septemba: ni 186 hivi. Hesabu za kutoka Septemba hadi Machi: ni 179 hivi. Kwa nini nusu mbili za mwaka hazilingani? Kwa sababu katikati ya mwaka dunia iko mbali na jua na huenda polepole, na mwanzoni mwa mwaka iko karibu na huenda kasi. Kanuni ya Kepler imo ndani ya kalenda iliyotundikwa ukutani mwa ofisi ya usharika, ileile tunayoitazama kujua Pasaka itakuwa lini.

TUNAWAJIBU WANAOTUPINGA

Wa kwanza watasema: "Huo ni mfano tu. Msikaze shingo. Kinachohitajika ni watu waokoke." Tunajibu kwamba mfano ni mfano unaposemwa kuwa mfano. Bwana wetu aliposema habari za mpanzi, hakuna aliyedhani kwamba anatoa takwimu za kilimo. Lakini hatua moja kulikaribia jua haisemwi kama mfano. Husemwa kama jambo la kweli lililothibitishwa, na mara nyingi huanza kwa maneno "wanasayansi wenyewe wamegundua". Hakuna wanasayansi waliogundua hivyo. Katika kipaimara tulikariri amri ya nane, inayotukataza kushuhudia uongo, na hatukumbuki kufundishwa kwamba amri hiyo inalegea mtu akisimama madhabahuni.

Ayubu aliliona jambo hili kabla yetu. Katika sura ya 13 anawageukia rafiki zake, waliokuwa wakimtetea Mungu kwa hoja zisizo za haki, na kuwauliza kama kweli wanadhani Mungu anahitaji kutetewa kwa udanganyifu. Na mwishoni mwa kitabu, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia wale mawakili wake, si yule aliyekuwa akimlalamikia.

Tena kuna watakaolipa gharama. Somo la jiografia la sekondari linafundisha kwamba dunia hulikaribia jua Januari na kwenda mbali Julai. Kijana wetu hulisoma Jumatatu baada ya kusikia ile hatua moja Jumapili. Analinganisha. Hana haja ya kuwa mwerevu sana ili aone kwamba mmoja kati ya mwalimu na mhubiri hasemi kweli, na mwalimu amemwonyesha namba. Kisha anajiuliza swali ambalo hatamwuliza mtu: kama alinidanganya juu ya jua ninaloliona, nitamwaminije juu ya kaburi tupu nisiloliona? Huyo kijana hagombani na mtu. Huendelea kuimba kwaya hadi amalize shule, kisha akihamia mjini hatumwoni tena, nasi tunasema ni dunia iliyomchukua. Wakati mwingine ni sisi tuliompa sababu. Njia ya mwongo ni fupi, na katika jambo hili ni fupi kutoka Jumapili hadi Jumatatu.

Wa pili watasema: "Hayo ni mambo ya wasomi wasiomwamini Mungu." Tunawarudisha kwa Kepler. Wakatoliki walimfukuza Graz mwaka 1600 kwa sababu alikataa kuuacha Ulutheri. Walutheri wa Linz nao walimnyima Meza ya Bwana mwaka 1612, kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kutia saini bila masharti hati ya imani aliyotakiwa kuisaini. Hakuhamia upande wowote ili apate raha. Aliomba kurudishwa mezani, akakataliwa, na aliendelea kuwa Mkristo hadi alipofariki mwaka 1630. Mtu huyo asihesabiwe kati ya wasioamini na watu ambao imani yao haijawahi kuwagharimu hata kiti cha mbele kanisani. Na tusisahau kwamba kalenda ya Papa Gregori iliporekebishwa mwaka 1582 ili ilingane na mwendo wa kweli wa dunia, Waprotestanti wa Ujerumani waliikataa hadi mwaka 1700, kwa sehemu kubwa kwa sababu tu ilitoka Roma. Kepler aliwahimiza waikubali. Kwa zaidi ya miaka 100 ndugu zetu walipendelea kukosana na jua kuliko kukubaliana na Papa. Ukaidi huo haukumpa Mungu utukufu wowote.

Wa tatu wanatoka upande mwingine kabisa. Ni wale wasomi wanaosema: "Kama sayari zinakwenda kwa kanuni, Mungu ana kazi gani?" Hao nao tunawapinga. Kanuni inasema sayari huendaje. Haisemi kwa nini kuna sayari, wala kwa nini mbingu zikubali kuhesabiwa na penseli ya mtoto. Na Maandiko hayakuwahi kumtafuta Mungu mahali ambapo kanuni imekatika. Yeremia, katika sura ya 31 na ya 33, anafanya kinyume chake: anaichukua amri isiyobadilika ya jua, mwezi na nyota kuwa rehani ya agano la Mungu. Kama vile mbingu zisivyoacha utaratibu wake, ndivyo Mungu asivyowaacha watu wake. Kwa nabii, utaratibu wa mbingu ni uaminifu wa Mungu unaoonekana. Msomi anayedhani kanuni inamfukuza Mungu, na mhubiri anayedhani Mungu anahitaji muujiza wa inchi moja, wanakosea kosa moja: wote wawili wanaamini kwamba palipo na utaratibu Mungu hayupo.

HEWA TULIYOKABIDHIWA

Kuna madhara mengine ya ile hatua moja, na haya yanagusa mashamba yetu. Inatufundisha kwamba joto la dunia ni jambo la umbali peke yake, na kwa kuwa umbali umewekwa na Mungu, basi sisi hatuna la kufanya. Tazama Zebaki na Zuhura. Zebaki iko kilomita milioni 58 kutoka kwenye jua. Zuhura iko kilomita milioni 108. Kwa hoja ya hatua moja, Zebaki ndiyo ingekuwa ya moto kuliko zote. Sivyo. Zebaki mchana hufika kama nyuzi 430 za Selsiasi, na usiku hushuka hadi nyuzi 180 chini ya sifuri. Zuhura, ile nyota nzuri ya alfajiri, ina nyuzi zaidi ya 460 usiku na mchana. Tofauti ni hewa. Zebaki karibu haina hewa. Zuhura imefunikwa na blanketi zito la hewa ya ukaa lisiloruhusu joto kutoka.

Umbali huamua urefu wa mwaka. Joto la kuishi linatokana na umbali pamoja na hewa. Umbali hatuwezi kuugusa, lakini hewa tumekabidhiwa, na tunaigusa kila siku kwa moshi wa magari na viwanda na kwa misitu tunayoifyeka kwa ajili ya mkaa. Mhubiri anayewaambia waumini kwamba Mungu amepima kila kitu kwa inchi, nao waende nyumbani kwa amani, amewaondolea mzigo ambao Mungu mwenyewe aliwatwika tangu bustani ya Edeni.

TUNACHOOMBA

Kuna ndugu wa hadithi hii ambaye naye tunaomba azikwe. Ni ile habari kwamba wataalamu wa NASA, wakihesabu kwa kompyuta mwendo wa sayari kurudi nyuma, waligundua siku moja iliyopotea, na ya kwamba ni ile siku ya Yoshua. Hatusemi lolote hapa juu ya sura ya 10 ya kitabu cha Yoshua. Tunasema juu ya kompyuta. Hesabu ya kurudi nyuma huanzia mahali sayari zilipo leo na kufuata kanuni ileile hatua kwa hatua. Haina mahali ambapo pengo lingejionyesha, kama vile kuhesabu kurudi nyuma kutoka mia hakukuonyeshi kama jana mtu alipumzika. Hakuna kompyuta iliyowahi kuiona siku hiyo. Anayemwamini Yoshua hahitaji msaada wa hadithi hiyo, na asiyemwamini atakapoichunguza atazidi kutoamini.

Wachungaji na wainjilisti wetu tunawaomba jambo moja: kabla ya kusema "wanasayansi wamegundua", waulizeni walimu wa fizikia na jiografia walioketi mbele yenu. Karibu kila usharika unao. Huja Jumapili, hutoa sadaka, husikia ile hatua moja na kuinamisha vichwa kwa heshima. Wangefurahi kuulizwa, na hakuna mchungaji atakayepungukiwa na upako kwa kumwuliza mzee wa kanisa swali.

Walimu wa Shule ya Jumapili tunawaomba wawafundishe watoto ile hesabu ya nne na nane. Wawape kalenda wahesabu siku 186 na siku 179 kwa vidole vyao. Kisha wawasomee Zaburi ya 19, ile inayoanza na mbingu na kuishia na sheria ya Bwana, na wawaache wenyewe waone kwa nini mambo hayo mawili yamewekwa katika zaburi moja.

Vijana tunawaomba wasimwache Kristo kwa sababu ya kosa la mhubiri. Uongo uliosemwa kwa jina lake haukutoka kwake. Mliyoyasoma darasani kuhusu Januari na Julai ni kweli, na kila kilicho kweli ni cha Mungu, yeyote awaye aliyekisema kwanza.

Na sisi waumini tulioketi katikati ya kanisa tuna wajibu wetu pia. "Amina" maana yake ni kukiri kwamba lililosemwa ni kweli. Ni neno la shahidi. Tusilitoe kwa ajili ya hatua ambayo dunia imekwisha kuipita mabilioni ya mara. Tulihifadhi kwa yale ambayo tuko tayari kuyasimamia mbele ya kijana mwenye kitabu mkononi, na mbele zake Yeye aliyeupa kila umbali mwendo wake.